Sadaka Haipokelewi Kimya

Filamu za maskini nimeziona nyingi, na karibu zote zina kosa moja: maskini hasemi. Anakaa juu ya boksi lililokunjuliwa, anatazama chini, kamera inamkaribia mpaka unaona kila kunjo la uso wake, zeze linalia kwa mbali, na yeye kimya. Mtengeneza filamu anadhani ufukara ni ububu. Angekaa Mchangani, kwenye mtaa wa maduka, Ijumaa moja tu, saa tatu za asubuhi, angejua kuwa hakuna watu wasemaji kama wale. Wanataniana, wanagombania kivuli, wanapeana habari za misiba na harusi za mji mzima, na mwenye duka akichelewa kufungua wanamuuliza kulikoni.

Kwetu mjini Unguja, Ijumaa ndiyo siku yao. Wanapita duka kwa duka, au wanakaa kwenye vidaraja, zile ngazi za mbele ya maduka, na wenye maduka huwa wameshaweka sarafu tayari ndani ya bakuli. Mtoaji akikutia kitu mkononi unamuombea dua, kwa sauti, naye asikie. Wenzako wanaitikia amin. Hapo ndipo sadaka inapokuwa imefika. Ukipokea ukanyamaza umefanya jambo baya kuliko kuiba, maana mwizi angalau hajakutazama usoni. Na mtoaji akiwa na haja yake, ya mgonjwa au ya safari au ya mtoto, huitaja palepale, na wewe unaiombea.

Haya yote nilikuwa nikiyaona tangu utotoni bila kuyafikiria. Niliyafikiria nilipotakiwa kuwa maskini mwenyewe.

Kazi yangu hasa ni kupamba maharusi: hina, piko lile jeusi la kuchora mikono, uso, nywele. Kwenye filamu niliingia kwa mlango wa nyuma. Niliitwa kumpamba mwigizaji, mwigizaji hakutokea, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale na uso ninao, nikasukumwa mbele ya kamera. Nikawa mwanamke wa baa. Nilivaa gauni la mikono mifupi na nikashika chupa ya soda ambayo watazamaji walitakiwa waamini kuwa ni bia. Basi. Dakika chache tu, na baadaye nikaisahau.

Baba yangu hakuisahau. Yeye ni fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, anafanyia kazi barazani kwake Kiembe Samaki, na baraza lile halikosi watu. Siku moja mmoja wao akamwonesha kipande kile kwenye simu, huku wengine wakicheka. Nilisimuliwa na watu zaidi ya mmoja, na wote walisema vilevile: baba alitazama mpaka mwisho, akairudisha simu kwa mwenyewe, akasema mbele yao, "Mtoto huyo sinaye." Kisha akaendelea kufunga mkanda wa cherehani ya mtu.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumwamkia mambo yalikuwa hivi. "Shikamoo baba." "Marahaba." Ikaishia hapo. Salamu alijibu kwa sababu kutojibu ni dhambi, na baba si mtu wa kutafuta dhambi za bure. Lakini baada ya marahaba hakukuwa na hujambo, wala umekujaje, wala kaa. Nilisimama kidogo, nikamwangalia akipaka mafuta mashine, nikarudi kwa mama mdogo wangu Michenzani ninakoishi tangu niachike. Nililia, sikatai, lakini nililia kwa hasira. Ilikuwa soda.

Sasa akaja muongozaji mwengine, kijana wa kutoka Dar, mpole, mwenye kofia isiyovuliwa hata ndani ya nyumba. Anatengeneza filamu ya wachuuzi na maskini wa Mji Mkongwe na mitaa ya Darajani. Wachuuzi amewapata: mwenye miswaki, mwenye vitumbua, mwenye mikoba ya ukili. Maskini anataka mwanamke wa kuigiza, mwenye nikabu, ili uso usimhangaishe. Nikakubali kwa sababu hiyohiyo ya nikabu. Nilijisemea, safari hii hata baba mwenyewe akiiona, ataona nini? Kitambaa cheusi.

Kwenye skripti yake maskini wangu hakuwa na neno hata moja, mwanzo mpaka mwisho. Nikampeleka kwa bibi mmoja ambaye miaka nenda miaka rudi kiti chake ni kidaraja cha kwanza cha duka fulani la vitambaa Mchangani. Bibi aliposikia kuwa maskini wa filamu hasemi, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akamwambia muongozaji, "anopokea kimya ni nani? Hata bubu wetu sisi huinua mikono. Watu wakiona hivyo watakwambia huyo si maskini, mwivi."

Muongozaji aliona aibu, akafuta, akaandika upya. Halafu akapata wazo jipya na macho yakamng'ara: nisiigize kabisa. Nikae pale pale, Ijumaa kweli, na maskini wa kweli, niombe kweli. Kamera itakuwa ghorofani juu ya duka la upande wa pili wa njia, nyuma ya majora ya vitambaa, na maiki itakuwa chini ya buibui langu.

Duka hilo la upande wa pili ni la mzee wa Kibanyani, aliyezaliwa humo humo juu ya duka, kama baba yake. Sala zetu hasali lakini Ijumaa yetu anaijua kuliko baadhi yetu, na bakuli lake la sarafu huwa tayari kabla ya jua kuchomoza. Alikubali kutoa ghorofa yake kwa masharti mawili. Nyuso za watu zisipigwe, mikono na miguu tu. Na chochote nitakachopewa mimi kiende kwa maskini wenyewe. "Sadaka ina mwenyewe," akaniambia. "Na mwenyewe si wewe."

Maskini nao waliulizwa, wakakubali, bibi akiwa msemaji wao. Mwenye vitumbua aliulizwa. Mwenye miswaki aliulizwa. Sote tukajiona watu wenye adabu kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuwa mtoaji naye angefaa kuulizwa. Tulidhani mwenye siri ni yule anayenyoosha mkono, na yule anayetia sarafu hana la kuficha.

Ijumaa hiyo nilivaa buibui lililopauka na ndara za mama mdogo. Vidole vyangu vilikuwa na piko la wiki hiyo, na piko haliondoki kwa kubembelezwa, kwa hiyo nikajipaka masizi ya sufuria. Bibi akanitazama mikono, akasema maskini gani huyu anatoka harusini, kisha akajijibu mwenyewe kuwa maskini naye hualikwa. Akanikalisha upande wake wa kulia. Kwa saa nzima nilifanya kazi nzuri. Watu walitoa, mimi niliomba. Mungu akuzidishie. Mungu akuepushe na shari. Mungu akulindie wanao. Sauti niliifanya ya kikongwe, na bibi alikuwa akinifinya kwa furaha kila ilipotoka vizuri. Sarafu nilizipitisha kwake chini ya buibui.

Kisha nikamwona baba.

Alikuwa bado yuko mbali, maduka matatu hivi, lakini mwendo wake naujua. Bega moja liko chini kwa kuinamia cherehani miaka yote ile. Kanzu safi, kofia, mfuko wa plastiki mkononi. Baba huja mjini Jumamosi, kununua mikanda na sindano. Ijumaa husali Kiembe Samaki, hilo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu, na ndiyo sababu sikuwa nimeogopa kukaa pale. Sasa yuko mbele yangu, anainama kwa kila aliyekaa, anatoa, anasema neno, anasikiliza dua, anakwenda kwa wa pili.

Nikataka kuinuka. Bibi alinishika goti kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Kaa," akaninong'oneza. "Huondoki sadaka inakuja. Unataka watu wasemeje?"

"Bibi, yule—"

"Kaa."

Nikaingiza miguu yote chini ya buibui. Nikakumbuka mikono yangu, masizi yalikuwa yameanza kutoka kwa jasho na piko linachungulia. Nikakumbuka maiki, iko kifuani, inasikia moyo wangu. Juu kule muongozaji naye yuko na kamera yake, hajui lolote, anafurahia mwanga.

Baba akafika. Kwenye kidaraja chetu alianza kwangu, kwa sababu alitokea upande wangu. Akainama, akanitia sarafu kwenye kiganja. Nikaiona kucha yake ya dole gumba, ile nyeusi iliyowahi kupasuliwa na sindano ya cherehani na haikuota sawa tena.

"Chukua, bibi," akasema. Halafu hakuondoka. Alichutama kabisa, goti likalia, sauti akaishusha. "Niombee. Nna mtoto wa kike. Nlisema neno juu yake mbele za watu, na sasa naona uzito kulirejesha. Niombee Mungu anipe njia ya kulirejesha."

Nikanyamaza.

Ningesema nini? Sauti yangu anaijua, ya kikongwe au ya kitoto, yeye ndiye aliyenifunza kusema. Nikisema neno moja amenijua, na amenijua mbele ya maskini wote, na mwenye miswaki, na kila mpita njia, akiwa amechutama na siri yake imeshamtoka mdomoni. Nisiposema, ameomba dua na amenyimwa. Nilihisi akingoja. Baba anangoja vibaya, anapumua kwa pua. Wale waliokaa karibu waligeuka kuniangalia. Mmoja akauliza, "Huyu vipi?"

Nikakohoa, nikajishika koo.

Bibi akaniangalia, akamwangalia baba. Sijui alielewa nini. Nafikiri hakuelewa kitu, aliona tu kazi inaharibika, na kazi hiyo alikuwa akiiheshimu.

"Kakaukwa na sauti huyu, ana kifua," akasema. "Ntamuombea mimi na yeye ataitikia. Mtoto jina lake nani, na mama yake nani?"

Maana dua ya mtu haitumwi bila anwani: jina lake na jina la mama yake. Baba akalitaja jina langu. Kisha akalitaja la marehemu mama, taratibu. Sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake tangu ile filamu ya soda. Bibi akainua mikono, akayataja majina yote mawili kwa sauti ambayo hata mwenye vitumbua aliisikia, akamwomba Mola amrejeshe mtoto kwa baba na baba kwa mtoto, na ulimi uliofunga ndio ufungue. Wote wakaitikia. Baba akabaki ananitazama mimi, anangoja ya kwangu, kwa kuwa sarafu yake ilikuwa mkononi mwangu.

"Amin," nikasema. Ilitoka kama pumzi tu.

"Ahsante, bibi," akasema baba. Akainuka kwa taabu, akampa bibi naye, akaendelea na njia yake.

Sikuinuka mpaka alipopotea kwenye kona. Sarafu yake nilimpa bibi, na bibi kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakutania. Aliuliza tu, "Baba'ako?" Nikaitikia kwa kichwa.

Muongozaji aliteremka mbio, kofia nyuma, anacheka peke yake. Ameipata. Mkono, sauti, dua, amin, kila kitu, safi, hata angelipa watu wasingeweza kuigiza vile. "Dada, hii ndiyo filamu," akaniambia. "Mengine yote ni mapambo."

Nikamwambia ifute.

Akadhani natania. Nikamwambia yule ni baba yangu na jina lile ni langu. Hapo nilitegemea atashtuka, na alishtuka, lakini kwa furaha. Nikaliona wazi usoni mwake, na nilimchukia kwa dakika ile. Akasema uso haukupigwa, sharti halikuvunjwa. Akasema sauti si uso. Nikamwambia Unguja sauti ni uso, na jina la mtu na la mama yake ni zaidi ya uso. Filamu hii itaoneshwa hapa, watu wa baraza la Kiembe Samaki wana masikio. Baba alisema mbele yao hana mtoto. Leo wamsikie kwenye spika amechutama njiani, anamwomba maskini amsaidie kuyameza maneno yake? Angeaibika kwa kinywa chake mwenyewe, na aliyemwekea maiki ni mimi. Asingenijibu hata hiyo marahaba.

"Dada, umelipwa kuigiza," akasema. Upole wote ulikuwa umemtoka.

"Nimelipwa kuigiza. Baba hakuigiza."

Tulikuwa tumesimama mlangoni pa duka la mzee wa Kibanyani, na yeye alikuwa akisikiliza huku akikunja jora la kitambaa. Saa za kufunga kwa ajili ya sala zilikuwa zimekaribia. Hufunga kama wenzake wote wa mtaa. Akalimaliza jora lake, akapanda ngazi, akafunga mlango wa ghorofani, kamera na vyombo vyote vikiwa ndani, akateremka na ufunguo akautia mfukoni.

"Mimi nafunga," akasema. "Vyombo vyenu vipo salama, havendi pahala. Mkamuulize mwenye sauti. Akisema haya, haya. Akisema sitaki, unafuta mbele yangu, halafu unachukua vitu vyako."

"Mzee, ile ni kazi yangu," akasema muongozaji.

"Na hii ni sadaka ya mtu," akasema mzee, akateremsha mlango wa duka.

Kwa hiyo ilibidi niende mimi. Nani mwengine angekwenda?

Nilifika Kiembe Samaki baada ya alasiri. Nilikuwa nimeoga, nimevaa buibui langu la siku zote. Baba yuko barazani peke yake, jambo la bahati, na cherehani ya mtu imefumuliwa mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Sikuondoka kama siku nyingine. Nikakaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa. Mkono wake ukasita, kisha ukaendelea. Nikaanza. Nikamwambia habari ya filamu mpya, ya muongozaji, ya ghorofa ya mzee wa Kibanyani, ya nikabu. Hapo ikapita ndege. Nyumba ile iko karibu na uwanja wa ndege, na tangu nilipokuwa mdogo sheria ya pale ni kuwa ndege ikipita watu husita, kisha huendelea. Tukasita. Sikupata kuiona ndege iliyochukua muda mrefu kupita kama ile. Ilipokwisha nikasema yaliyobaki kwa pumzi moja: kwamba asubuhi ile Mchangani, aliyekaukwa na sauti ni mimi.

Baba aliweka bisibisi chini.

"Maneno yangu yamo humo?"

"Yamo. Yamefungiwa. Nimekuja kukuuliza."

"Wafute."

"Ndiyo, baba."

"Yangu yote. Na ya yule bi mkubwa, kwa kuwa jina limo."

"Ndiyo, baba."

Uso ulikuwa umemwiva. Mtu mzima amevuliwa nguo njiani, na aliyemvua ni bintiye, na hawezi hata kupiga kelele kwa kuwa majirani watauliza kuna nini.

"Sadaka yangu iko wapi?"

"Nlimpa yule bibi aliyeomba."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaona labda mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu.

"Baba, dua nimeisikia."

"Umeisikia kwa hila," akasema. "Kila Ijumaa nakwenda mbali, mjini, kwa watu wasonijua, nipate kusema neno langu. Leo umenkalia pale." Akaiokota bisibisi. "Wafute."

Ndipo hasira yangu nayo ikapanda, maana nimeitoa kwake, sikuiokota njiani. Nikainuka. Nikamwambia nitawaambia wafute. Halafu nikamwambia, "Na ile ilikuwa soda, baba." Akaiinamia cherehani ya mtu. Nikaondoka nikiwa nimeshamwombea baba yangu amin, na mambo yamekuwa mabaya kuliko kabla sijaitikia.

Muongozaji alifuta. Mzee wa Kibanyani alisimama nyuma yake mpaka alipohakikisha, kisha akampa ufunguo na chai. Picha ya mikono ilibaki, kwa kuwa baba alikataza maneno tu. Mimi nikamtumia baba ujumbe kwa jirani: yamefutwa, na filamu itaoneshwa Tunguu, ukumbi wa chuo, baada ya alasiri, kama una shaka njoo uhakikishe. Sikutegemea atakuja. Lakini baba ni fundi, na fundi hamwamini mtu aliyesema ametengeneza, mpaka alizungushe gurudumu mwenyewe.

Alikuja na kanzu ileile. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, wachuuzi waliopigwa filamu na watu wao, na watu wa mitaa ya karibu. Niliona wawili wa baraza la Kiembe Samaki, safu za nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akakaa safu yangu, akaacha kiti kimoja kitupu katikati yetu.

Taa zikazimwa. Mwenye vitumbua alitokea, watu wakashangilia. Mwenye miswaki akasema utani wake, watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nangoja. Muongozaji alikuwa ameapa kuwa hakuna neno lililobaki, lakini alikuwa amekasirika siku ile, na mtu aliyekasirika simwamini. Baba naye alikuwa anangoja, nilisikia anavyopumua kwa pua.

Kikaja kidaraja. Ikaja kanzu, kwa chini tu, na mkono wa mwanamume ukainama. Kucha nyeusi ya dole gumba ilikuwa kubwa kama mlango, ukuta mzima. Baba akauficha mkono wake ndani ya kanzu. Sarafu ikaingia kwenye kiganja chenye masizi. Na hapo, mahali pa ile dua, muongozaji alikuwa ameweka zeze.

Maneno hayakuwapo kweli. Hakuna lake, hakuna la bibi, na amin yangu nayo ilikuwa imekwenda pamoja nayo. Mkono ule uliokaa wazi mbele ya maskini, mkono wangu, ulijifumba taratibu juu ya sarafu na kurudi chini ya buibui. Nilikuwa nimekuwa yule maskini wa filamu zote, yule bubu niliyekuwa nikimcheka.

Mbele yetu mama mmoja wa makamo akamgeukia mwenzake. "Umeona huyo? Kapokea, kanyamaza. Hata Mungu akulipe hana."

"Maskini wa siku hizi," akasema mwenzake.

Kijana wa safu ya pili akasema kwa sauti kuwa huo ni wizi, na watu wakacheka. Kicheko kikaenda mpaka nyuma. Wale wawili wa Kiembe Samaki nao walicheka, niliwasikia. Nikainamisha kichwa. Ningeweza kuwaambia nini? Kuwa niliitikia? Wangeniuliza niliitikia dua gani, ya nani.

Baba akakohoa.

"Kaitikia," akasema.

Hakupaza sauti, lakini ilikuwa ni sauti ya mtu mzima ndani ya kicheko cha vijana, na kicheko kikapungua. Yule mama akageuka.

"Kaitikia vipi, mzee? Mbona tumemwona kimya?"

"Nnakwambia kaitikia. Nlikuwepo. Mimi ndo nliyempa." Akasita kidogo, kama tulivyokuwa tukisita kwa ndege. "Na yule ni mwanangu. Huyu hapa."

Yule mama akaniangalia, akamwangalia baba, akasema samahani, akageukia mbele. Wale wawili wa baraza, kule nyuma, walikuwa wamesikia pamoja na wengine. Filamu ikaendelea na mwenye mikoba ya ukili. Baba akautoa mkono ndani ya kanzu, akauweka juu ya goti, kucha juu, kila mtu aone akitaka. Kisha akainama juu ya kile kiti kitupu, akaniuliza kama nshakula.